Asubuhi ya Mikesha Elfu Sita: Kwa Baba Yetu, Ellis Barraclough wa Kilnshaw

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu Jumanne ile ya Oktoba ulipotuacha ukiwa kwenye kiti chako karibu na dirisha la jikoni, redio ikisoma habari za hali ya hewa. Mama anashikilia kwamba ulisubiri kwanza usikie upepo utavuma kutoka wapi, ndipo ukaenda zako. Hatuna ushahidi, lakini hakuna aliyembishia.

Kilnshaw ni ileile. Mvua ni ileile. Ule ukuta wa nyuma ya kanisa uliouacha nusu, mwanao Graham ameumaliza. Umepinda kidogo upande wa makaburi. Anajua. Kila akipita pale anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Miaka hamsini ulijenga kuta za mawe kwenye vilima hivi, bila saruji na bila kelele. Ulikuwa unaokota jiwe, unaligeuza mara mbili, na lisipofaa unalirudisha chini taratibu na kuliambia, "Siyo leo." Hukulitupa. Sisi wanao ulitulea hivyohivyo.

Bi Hanson, yule mjane wa shamba la juu, hakujua ni nani aliyekuwa akimtengenezea ukuta kila theluji ilipouangusha. Ulikuwa unakwenda Jumapili, watu wakiwa kanisani. Sasa tumemwambia, Baba. Alilia, halafu akasema, "Na mimi miaka yote hiyo nawashukuru watu wa halmashauri!"

Lakini anayekufahamu hasa anafahamu kwamba kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba ulikuwa mtu mwingine. Chai ilipoa. Barua hazikufunguliwa. Alfajiri ulitoka uani na pajama, ukalowesha kidole, ukakiinua juu, kisha ukarudi ndani ukinong'ona, "Bado wako baharini."

Mikesha wako. Wale ndege wa kifua cha madoadoa, wanaovuka bahari kutoka misitu ya kaskazini majani yanapopukutika, wakapita juu ya vilima vyetu kwa makundi kuelekea magharibi, kwenye matunda na baridi ya wastani. Uliwapa majina yako mwenyewe. Wadogo, wenye rangi ya kutu chini ya bawa, uliwaita Wekundu. Wakubwa, wa kichwa cha kijivu, wasiojua kunyamaza, uliwaita Wapiga Domo. Na yule mweusi mwenye kola nyeupe kifuani, anayepita mmojammoja karibu na majabali, ulimwita Padri, ukamvulia kofia.

Tulizoea ukikatiza mazungumzo. Mtu anakueleza habari za ugonjwa wake, mara unainua kidole: "Samahani. Umesikia? Siiip." Kwenye picha ya harusi yangu, iliyofungwa Oktoba kwa kosa langu mwenyewe, watu thelathini na wanne wanaitazama kamera na mmoja anatazama mbinguni. Mpiga picha alidhani unaomba.

Ndoa ile iliishia pabaya, unajua. Nilirudi nyumbani na masanduku mawili, umri wangu miaka arobaini na mmoja, nikiwa siwezi kumaliza sahani ya chakula. Graham alitaka kwenda kumpiga mtu. Mama alitaka kunilisha keki ya tangawizi. Wewe hukuuliza swali hata moja. Jioni ya pili ulisimama mlangoni pa chumba changu na viatu vya mlimani mkononi, viatu vya Mama, ukasema, "Upepo umegeuka. Kesho nitahitaji mtu wa kunibebea chupa ya chai."

"Chupa yenyewe ni ya lita moja, Baba."

"Ndiyo. Nzito sana."

Asubuhi ile ndiyo tunayotaka kuisimulia hapa, kwa sababu wewe mwenyewe hukuisimulia, na wengi wanaosoma ukurasa huu wameisikia nusunusu.

Kwanza lazima tumtaje Mzee Keith Uttley. Yeye alitazama ndege kutoka kilima cha pili, ng'ambo ya bonde, na ninyi wawili mlikuwa hamjazungumza kwa miaka kumi na mmoja. Chanzo kilikuwa kundi moja la Wekundu. Wewe uliandika elfu nne na mia tatu. Yeye, kundi hilohilo, asubuhi hiyohiyo, aliandika elfu tisa. Chama cha watazama ndege cha bondeni kikachapisha hesabu yake, na ya kwako kikaitia alama ya kuuliza.

Ulisimama mkutanoni ukasema Uttley huhesabu kila ndege na kivuli chake. Naye akasimama akasema, "Barraclough alikuwa amesinzia. Kila mtu anajua anasinzia. Akikaa chini tu, huyo!"

Ikawa basi. Mkikutana dukani, mmoja aligeukia rafu ya sabuni. Mama na marehemu Bi Uttley waliendelea kupeana keki juu ya ukuta kana kwamba waume zao wamesafiri.

Sasa asubuhi yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, upepo ukivuma kutoka mashariki, kisha ikakatika alfajiri. Tulifika juu ya Withen, kilima chako, gizagiza, tukaegemea ukuta wako. Nyika ilikuwa ya kahawia, kangaga zimelala, udongo mweusi unanyonya viatu. Ulinipa biskuti kutoka mfukoni, yenye vumbi la mawe. Nililia kidogo. Ulijifanya unafuta darubini.

Halafu ukanifundisha. "Usihesabu mmojammoja, Gillian, utapata wazimu. Hesabu kumi. Ziangalie hizo kumi zinavyokaa angani. Halafu zitandaze juu ya kundi zima, kama unatandika kitanda."

"Na wakipita wengi mno?"

"Hawajawahi kupita wengi mno. Miaka thelathini nawasubiri wapite wengi mno."

Saa moja na dakika ishirini walianza. Kwanza ishirini, juu sana. Kisha mia. Kisha upande wote wa mashariki ukawa kama mtu anamwaga pilipili manga juu ya kitambaa. Walikuja chini kabisa, usawa wa vichwa vyetu, nikahisi upepo wa mabawa usoni. Siiip, siiip, siiip, na Wapiga Domo wakigombana katikati. Kidole chako kilikuwa kinabonyeza kihesabio bila kupumzika, na macho yako hayapepesi. Sijawahi kukuona na uso ule, si siku nilipozaa, si siku Graham aliporudi salama kutoka jeshini. Nilikuonea wivu, Baba. Na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi nilisahau jina la yule mwanamume.

Saa mbili na dakika arobaini tulisikia filimbi.

Mara sita, kimya, kisha mara sita tena. Ilitoka chini, kwenye korongo la kijito kati ya vilima viwili. Uliganda. "Ni Uttley," ukasema. Aliwahi kuwa refa wa mpira, na filimbi ile ya chuma hakuna asiyeijua bondeni.

Mbele yetu kundi kubwa kuliko yote lilikuwa linapanda ukingoni. Nililiona nawe uliliona. Halikuwa na mwisho.

Ulitia kihesabio mfukoni.

"Baba, wewe nenda, mimi nibaki nihesabu," nikasema. "Nimeshajua kumi zinavyokaa."

"Hapana, binti yangu. Nahitaji miguu yako. Yangu ni ya zamani."

Tukateremka. Ulianguka mara mbili, na mara zote mbili ulitukana kwa maneno ambayo hatutayaandika hapa kwa sababu Kasisi anasoma.

Mzee Uttley alikuwa amelala kwenye mawe, nusu ndani ya maji, mguu umevunjika chini ya goti na kukaa vibaya. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Umri wake ulikuwa sabini na mmoja. Alipokuona alifumba macho.

"Wewe," akasema.

"Mimi. Unafanya nini upande wangu?"

"Natembea."

"Na darubini?"

Akasema, "Walikuwa wanapita upande wako. Nilitaka kuona kama ukuta wako una nafasi ya mtu wa pili."

Ulivua koti, ukamfunika. Uliingia majini mpaka magotini, ukamwinua mabega na kumweka juu ya mapaja yako ili mwili wake utoke kwenye baridi. Ukaniambia nipande juu nitafute mtandao wa simu, na nisikimbie, kwa sababu mguu mmoja uliovunjika unatosha kwa siku moja.

Nilipanda. Nilipiga simu. Waokoaji wa milimani walisema saa moja na nusu, labda mbili. Nikiwa nazungumza nao nililia, wakadhani nimeumia, na kumbe nilikuwa naangalia juu. Anga yote ilikuwa inasogea. Ndio wale wengi mno uliowasubiri tangu nikiwa mtoto wa shule, na wewe ulikuwa ndani ya shimo umempakata Keith Uttley.

Niliporudi nilisikia mnagombana kabla sijawaona.

"Ulifika ngapi?" anauliza yeye, meno yakigongana.

"Nyamaza, tunza nguvu."

"Ngapi, Barraclough?"

"Elfu sita mia mbili na kumi na mbili. Ndipo ukapiga filimbi."

"Ungengoja dakika kumi tu, mpumbavu wewe!"

"Ungekufa."

"Ningekufa nikiwasikiliza. Kuna ubaya gani? Angalia juu! Angalia, wewe, niambie!"

"Siwezi kuangalia. Nikilegeza mkono unateleza."

Mzee Uttley akaanza kulia pale. Hakulia kwa maumivu, hayo alikuwa ameyanyamazia tangu mwanzo. Na wewe, ambaye hukuwahi kumkumbatia mtu mbele yetu, ulikiegemeza kidevu chako juu ya kipara chake, ukakiacha pale. Mlikaa hivyo saa nzima na robo tatu. Nilishika mguu wake kama ulivyonielekeza. Ndege walipita na kupita. Hakuna aliyehesabu.

Machela ilipofika ulikuwa huwezi kusimama. Walitaka kukubeba wewe pia. Ukawaambia, "Siyo leo."

Jioni simu zililia kutoka vilima vingine. Mmoja alikuwa amehesabu elfu thelathini na moja. Hakuna aliyewahi kuona siku kama hiyo hapa kwetu, na haijarudi tena. Katibu wa chama alikuja nyumbani mwenyewe, akakuomba ukadirie tu, kwa heshima ya Withen, watu wote wataelewa. Ulimpa chai. Ukamwonyesha daftari. Ulikuwa umeandika: *Wekundu na Wapiga Domo 6,212 hadi saa 2:40. Baada ya hapo sikuhesabu.* Akasema, "Ellis, angalau andika sababu." Ukasema sababu hairuki, haina haja ya kuandikwa.

Kwenye mkutano wa Novemba Mzee Uttley aliingia kwa magongo. Aliomba kuzungumza kabla ya ajenda. "Zile elfu tisa za mwaka ule," akasema, "kundi lilizunguka likarudi. Nililihesabu mara mbili. Nilijua wiki hiyohiyo. Naomba zifutwe."

Ndipo ukasimama, Baba, kofia mkononi, ukasema, "Na mimi nilikuwa nimesinzia."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Ulipofika nyumbani Mama alikuuliza kama ni kweli ulisinzia. Hukumjibu. Anasema katika ndoa ya miaka hamsini na miwili hilo ndilo jambo pekee ambalo hajui kama ulisema uongo.

Tangu hapo ukuta wa Withen ulikuwa na watu wawili, na mimi nikija likizo, watatu. Mligombana kila asubuhi. Mzee Uttley alikuletea pai ya nguruwe, ukasema ina chumvi, ukaimaliza. Mimi nilipata kazi mjini, nikapata nyumba ndogo, nikajifunza tena kula. Hukuwahi kunitajia kwamba ulijua ulichokuwa unafanya na ile chupa ya chai. Nakushukuru hapa, mbele ya watu, kwa sababu uso kwa uso ungegeukia rafu ya sabuni.

Tunakuja kwenye sehemu ngumu. Vuli yako ya mwisho moyo ulikuwa umechoka na daktari alikukataza kupanda. Jumapili ile, siku mbili kabla hujatutoka, ulinishika mkono asubuhi. "Nipeleke mpaka barabara ya juu tu, Gillian. Nitakaa ndani ya gari. Nitafungua kioo kidogo."

Upepo ulikuwa mkali. Nilikataa. Nilikuambia, "Kesho, Baba, kukitulia." Ukakubali mara moja, kwa upole, na upole huo ndio unaoniuma mpaka leo. Walipita siku hiyo. Tuliwasikia jikoni, juu ya bomba la maji na redio. Uliinua kidole, ukatabasamu, ukakishusha. Jumatatu ilinyesha mvua. Jumanne ulikuwa umeondoka.

Nimelibeba hilo mwaka mzima. Nilimwambia Mzee Uttley mwezi wa Machi, tukiwa kwenye duka la mikate. Alinitazama, akasema, "Mimi nilimnyima elfu ishirini na tano, kijana wangu. Wewe umemnyima asubuhi moja. Simama nyuma yangu kwenye foleni." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ananiita kijana wangu, kama anavyowaita watu wote.

Jumamosi iliyopita tulipanda Withen kwa ajili yako. Hujui hili, na ndilo hasa tulilotaka kukuambia: Mama alikuja. Yeye ambaye tangu mwaka mlipooana alisema yuko tayari kukupa kila kitu isipokuwa asubuhi zake. Ana miaka sabini na saba. Alivaa makoti mawili, akamshika Mzee Uttley mkono wa kulia na Graham wa kushoto, akalalamika njia nzima. Viatu vinabana. Upepo hauna adabu. Nani alijenga ngazi hii ya mawe? Tukamwambia ni wewe. Akasema anaona.

Tulikaa robo saa bila kitu. "Ndiyo haya?" akauliza. "Miaka hamsini na miwili, ndiyo haya?"

Kisha wakaja. Hawakuwa wengi, mia na themanini hivi, Wekundu watupu, chini chini, na jua lilikuwa limetoka nyuma yao kiasi cha kuonyesha ile rangi ya kutu chini ya kila bawa. Walipita juu ya kichwa chake wakiita. Mama aligeuka nao, polepole, mdomo wazi, mpaka wakapotea upande wa magharibi. Graham alimwita mara mbili kumpa chai. Nami nikamwita. Hakusikia.

Alipogeuka machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Kumbe," akasema. "Nami nilidhani ananipuuza."

Wanaokukumbuka ni mkeo Doreen. Watoto wako Gillian na Graham. Mkwe wako Yvonne. Wajukuu wako Tamsin na Lewis. Dada yako Enid. Na Keith Uttley, aliyetuomba tumweke miongoni mwa ndugu. Tumemweka.

Hakuna Oktoba itakayopita juu ya nyumba hii, Baba, bila sisi kukukumbuka.